Maneno Matatu ya Herufi P

Hospitalini, Kasulu
3 Machi 1976

Shemeji yangu Mwalimu Tharsisi,

Salamu nyingi, muramu. Hamjambo huko Kibondo? Mimi sijambo kidogo, ila tumbo halijaniacha. Nasikia dada yako Kezia sasa hata kuinama ni kazi. Mzuie na jembe, mimba ile ni kubwa.

Nina shida. Daktari wetu ni mgeni, Kiswahili chake ni cha kuombea maji, na wauguzi nikiwauliza wananiambia nimwulize yeye. Kwenye karatasi yangu ameandika maneno matatu ya Kiingereza, yote yanaanza na P. Nimeyanakili herufi kwa herufi: pernicious, palliative, prognosis. Wewe una kamusi, nitafutie maana. Lori la Saidi linakuja huko tarehe ishirini. Kama maneno yanasema nakufa, nitalipanda nikafie nyumbani, na mtoto akizaliwa nimwone. Kama napona, nitabaki nimalize matibabu. Usinifiche.

Muramu wako,
Leonidasi

Kibondo
11 Machi 1976

Shemeji Leonidasi,

Pole sana na kuumwa. Sisi hatujambo. Kezia anakusalimu, na jembe hajaliacha. Ubishi wa ukoo wetu unaujua.

Kamusi nimeifungua. La kwanza maana yake ni mtu mvumilivu, asiyekata tamaa. La pili ni chakula laini chenye ladha. Nadhani wanataka upewe uji wa maziwa. La tatu ni maendeleo. Basi tulia hapo umalize dawa. Mtoto utamkuta.

Shemeji yako,
Tharsisi

Kasulu
21 Machi 1976

Shemeji,

Habari za huko? Barua yako nimeisoma mpaka imechanika mikunjo. Jana lori la Saidi limeondoka bila mimi. Wenzangu wodini nawaringia kwamba daktari mwenyewe ameandika mimi ni mvumilivu. Uji nimeuomba, muuguzi Adija akaniletea, ila haukupita kooni. Suruali naifunga kwa kamba sasa. Si neno. Mwambie Kezia asininunie, nitakuja kwa miguu yangu.

Muramu wako,
Leonidasi

Kibondo
8 Aprili 1976

Shemeji,

Nakusalimu kwa aibu. Kezia amejifungua mtoto wa kike tarehe mbili, wote wazima. Nilipompakata nilishindwa kumtazama usoni.

Nilikudanganya. Maana nilizokuandikia ni za maneno mengine, majirani wa hayo yako kwenye kurasa za P. Nilikuwa nasogeza kidole mstari kwa mstari mpaka nipate neno lenye heri. Maana za kweli ni hizi. La kwanza ni ugonjwa unaoangamiza. La pili ni dawa ya kutuliza maumivu tu, isiyoponya. La tatu ni makisio ya daktari kuhusu mwisho wa ugonjwa. Niliogopa, Leonidasi. Nilidhani ukiamini utapona, utapona.

Kezia sijamwambia. Ana kinyongo, anasema ulilikataa lori kwa sababu umemchoka. Na sasa mvua imekata barabara, malori yamesimama. Barua hii anakuletea Bazilio kwa baiskeli, atangoja majibu. Nisamehe.

Shemeji yako,
Tharsisi

Kasulu
12 Aprili 1976

Tharsisi,

Anayeandika ni Adija, mimi kalamu siishiki tena. Nimefurahi kusikia habari za mtoto, na nimelia.

Siku lori lilipoondoka nilikuwa natembea mwenyewe mpaka uani. Leo hata kuketi siwezi, barabara ingekuwa nzima isingenisaidia. Umeninyima kufia nyumbani kwangu. Nina hasira na wewe, na sitaki kufa nayo.

Msamaha utaupata kwa njia moja. Kezia hajui kusoma, kwa hiyo atakayemsomea ni wewe. Msomee haya, na usibadilishe hata neno:

Kezia, lori sikulikataa kwa kukuchoka. Kaka yako aliniandikia kwamba napona, nikamwamini. Nilitaka sana kumpakata mtoto. Jina mpe wewe.

Mumeo,
Leonidasi