Nafasi Kati ya Visanduku

Mtaa wa Kwa Mathias, Kibaha
Alhamisi, 12 Juni 2025

Dada yangu Loyce,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Mahona na watoto, na kwamba mguu wa mama umepungua uvimbe. Mimi afya ninayo. Nakula, nalala, naenda kazini. Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu ungeniuliza swali katikati, nami ningebadilisha habari.

Jumamosi hii kuna mkutano Kisarawe. Mpima ardhi wetu, Ambokile, anaweza kufukuzwa kazi na kupelekwa polisi. Naomba usome hadi mwisho ndipo unihukumu.

Unajua kampuni yetu inapima mashamba na kuuza viwanja, na mimi ndiye karani ninayetunza tovuti. Mwaka jana tulipata shamba Kisarawe, Ambokile akalikata viwanja arobaini na nane. Nikatengeneza ukurasa wake kwa gridi: visanduku sita kila mstari, kila kisanduku kiwanja kimoja, chenye namba na ukingo mwembamba wa kijani. Kati ya mstari na mstari niliacha nafasi nyeupe. Nilijivunia sana, dada. Kila kitu kilikaa sawa kama nguo iliyopigwa pasi.

Bosi wetu, Bwana Laurean, alipoutazama kwenye simu yake alicheka. Alisema ukurasa una mapengo kama mdomo wa bibi yake, na mteja hanunui mapengo. Akaniamuru nizibe. Nikaenda kwenye sehemu ya nafasi nikaandika sifuri. Visanduku vikagusana, lakini kingo mbili zikawa zinalaliana na mstari ukaonekana mnene, mbaya. Nikafuta ukingo wa upande mmoja, ili viwanja viwili vinavyotazamana vitumie mstari mmoja. Ilinichukua dakika kumi. Bosi alisema sasa ndiyo kazi.

Kosa lenyewe lilitokea kwenye mashine ya kuchapa. Mchoro wa Ambokile ni karatasi kubwa, kuitoa kopi lazima twende dukani. Ukurasa wangu unaingia kwenye karatasi ya kawaida. Kwa hiyo kila mteja aliponunua, tulichapa ukurasa, tukagonga muhuri, tukaubana pamoja na mkataba wake. Nawe unajua watu wetu na muhuri. Bikoni ya mpaka ni jiwe tu, mtu analing'oa. Karatasi yenye muhuri inawekwa chini ya godoro.

Wateja wakafika shambani na karatasi zao. Waliona kiwanja kimeshikana na kiwanja, hakuna kitu katikati, lakini chini wakakuta mita sita tupu. Jirani akakaa na jirani wakaelewana vizuri, bila hata ugomvi: wewe songa mita tatu, na mimi mita tatu, tukutane kwenye mstari. Wakapanda minyaa iwe ua. Mvua za masika zimeikuza, sasa imemfikia mtu kifuani.

Zile mita sita zilikuwa barabara, dada. Shamba zima, barabara saba.

Katikati ya shamba anakaa mama mmoja anaitwa Zubeda. Mumewe, Mzee Hashiru, amepooza upande wa kulia na anatakiwa kliniki kila wiki. Mwezi uliopita nilitumwa huko kupiga picha. Niliwakuta wamempakia kwenye toroli hadi kwenye minyaa, kisha wanaume wanne wakamnyanyua juu ya ua kama gunia, na mwenye ua akiwafokea kwamba wanamvunjia mipaka. Utomvu wa minyaa ulimrukia mzee karibu na jicho. Bi Zubeda alimfuta kwa ncha ya kanga, akanigeukia, akaniambia bila hasira kwamba kiwanja amepata, ila pa kutokea hana. Nilipiga picha nane, nikarudi Kibaha. Njiani nilinunua korosho nikala.

Wanunuzi walipolalamika, bosi aliwajibu kwamba mpima hakuacha barabara. Ambokile alionyesha mchoro wake, wenye barabara zote. Bosi akasema huo ameuchora juzi. Bikoni zimeng'olewa, hazipo tena za kumtetea. Zipo karatasi zenye muhuri, na hazina barabara hata moja.

Sasa nakuambia lile ambalo sijamwambia mtu. Ambokile alinieleza. Siku niliyoanza kutengeneza ule ukurasa, tukinywa chai, aliweka kidole kwenye ile nafasi nyeupe akasema, bwana mdogo, hapa watu watapita, usipaguse. Nilijua wakati naandika ile sifuri. Na wiki iliyopita bosi alituita ofisini, akaniuliza mbele ya Ambokile kama aliwahi kuniambia. Nikasema hapana. Nilikuwa nafikiria kwamba kalamu ya bosi haina kifuniko.

Jana nilikwenda kwa Ambokile, Mlandizi, nikakiri. Nilidhani atanipiga. Alikuwa anamenya muhogo, akaendelea kumenya. Mwishoni akasema, "Mimi unaniambia ya nini? Mimi nilikuwepo. Nenda kawaambie ambao hawakuwepo."

Mkutano na wanunuzi ni saa nne asubuhi. Bosi ameniandalia gari niende naye, nikae upande wake. Nimeandika maelezo yangu ukurasa mmoja na nusu, nimesaini. Sijisikii shujaa. Sisikii kitu. Naogopa kwamba nitakaa kwenye kile kiti na kutosikia kitu, hadi mkutano uishe.

Ndiyo maana kesho asubuhi nampa barua hii kondakta wa basi la Shinyanga. Ikishaondoka, wewe utakuwa unajua, na siwezi kukurudisha kuwa usiyejua.

Nisalimie shemeji, watoto, na majirani wote wanaoniulizia. Mama mwambie nampenda, mengine usimwambie kwanza. Ila ukisikia kwamba Jumamosi sikusimama, msomee barua hii yote, kwa sauti.

Ni mimi mdogo wako,
Shija Masanja