Vijitu vya Fundi Saa

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Sisi ni wazima, na zabibu za Hombolo zimeanza kuiva. Umeniuliza kama huyo anayekuchumbia, mwanamume mzima anayekusanya vitofali na vijitu vya kuchezea ana akili timamu.

Mitumba iliporuhusiwa, niliuza nguo Chang'ombe. Fundi saa mmoja alikuja kila tulipofungua marobota, akitaka tu vitofali na vijitu vya plastiki vilivyochanganyika na nguo. Tulimshuku kuwa mchawi. Siku moja nikamfuata hadi kwake, mkasi mkononi. Mezani alikuwa amelijenga soko letu kwa vitofali, na wauzaji wote kwa vijitu, nami nimo.

"Mbona wote wanacheka isipokuwa mimi?" nikauliza kwa ukali.

"Sijawahi kukuona ukicheka. Kicheko chako nilikikwangua."

Nikacheka palepale. Huyo ndiye babu yako. Huyo wako, endelea kumshuku, lakini nenda ukaone alichojenga.

Bibi yako