Kuni Nilizipanga Mimi

Bweni la Wasichana,
Makambako.
Jumapili, baada ya ibada.

Mpendwa baba,

Shikamoo. Mwilini sina neno, ila upepo wa Makambako bado unatutia vumbi machoni kama siku ile uliponileta. Huko Makete je? Viazi vya bondeni vimeota? Mdogo wangu Eliya ameanza kukaa? Na mama anaamkaje? Hata usipojibu mengine yote, naomba unijibu hilo la mwisho.

Barua hii nimempa dereva wa Fuso anayekuja kupakia viazi, aiweke mkononi mwako. Sikutaka kukupigia kwa simu ya matroni, maana wewe huweka sauti kubwa na mama angesikia.

Baba, nilikudanganya. Wakati wa likizo ulipanga kumpeleka mama hospitali Njombe siku ya Jumatatu. Jumamosi jioni ukarudi kutoka shambani, ukakuta kuni zimepangwa ukutani, zimenyooka kama mama anavyozipanga kila mwaka kabla ya mvua. Ulicheka, ukasema, "Mama Salome amepona! Mkono wake huu." Safari ikaishia hapo.

Kuni zile nilizipanga mimi.

Lundo lilikuwa limelala uani wiki tatu. Jirani yetu Mama Jeni alipita na wenzake akasema kwa sauti, "Hee! Nyumba hii ina mwanamke kweli, au anakaa mseja?" Wakacheka. Niliona aibu. Nikazipanga nikiiga mkono wa mama, magome juu, vipande vyembamba mwisho. Ulipomsifu, nilinyamaza. Mama alikusikia akiwa jikoni, naye akanyamaza.

Wakati napanga, alikuwa amekaa kwenye kigoda cha shangazi. Kile ambacho hakuna anayekikalia. Nilikuwa na miaka saba, lakini namkumbuka dada yako: ameupa moto mgongo, anautazama ukuta wenye masizi, na baridi yote ile. Kisha asubuhi moja ya ukungu akatoka, na mliporudi naye mlikuwa mmembeba. Sisi watoto hatukuambiwa kitu. Mpaka leo jina lake halitajwi nyumbani.

Mama alikuwa amekaa vilevile. Eliya analia, yeye anatazama ukuta. Nilipomwita, akasema bila kugeuka, "Salome, ninyi mngekaa vizuri tu bila mimi."

Nikamjibu, "Mama, uji umeiva."

Ndilo jibu nililompa, baba. Uji.

Wiki iliyopita muuguzi alikuja shuleni kutufundisha kuhusu sonona. Rafiki yangu Rehema, ambaye baba yake anauza spea hapa mjini, akanyoosha mkono. "Nesi, mimi ninayo. Hunishika nikiona maharage ya Jumatano."

Tulicheka, muuguzi naye akacheka. "Ukiletewa pilau, inaondoka?"

"Mara moja!"

"Basi hiyo siyo. Mwenye sonona hata pilau haioni."

Alisema ni ugonjwa. Si uvivu, si kuringa, wala si kurogwa. Tena hauji kwa sura moja. Upo unaomlemea mtu wiki hata wiki, mpaka kunawa uso kunakuwa kazi kubwa. Upo wa polepole, wa miaka, mtu analima na kuongea na watu huku ndani hana furaha yoyote. Upo wa kupokezana: kipindi kimoja mtu halali, ana nguvu za watu watatu, kipindi kinachofuata ameanguka. Hapo nikamwona shangazi analima kabla hakujapambazuka, anaimba, anagawa vitenge vyake kwa majirani, na sisi tunamsifu. Sijui kama ndio huo, maana hakupimwa. Kisha muuguzi akasema upo unaowapata akina mama baada ya kujifungua. Nikaacha kuandika.

Nilimfuata nje nikamweleza yote. Akasema tiba ipo, ya mazungumzo na ya dawa, ila dawa huchukua wiki kadhaa, na daktari aambiwe kwamba mama ananyonyesha. Akasema mtu akitamka maneno kama yale asiachwe peke yake hata kidogo, na aulizwe wazi kama anafikiria kufa. Kumwuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Humpa nafasi ya kusema.

Kwa hiyo muulize, baba. Muulize leo. Dereva amekubali kuwaachia nafasi mbele, wewe na mama na mtoto, mpaka Njombe. Bibi akisema mama anaringa, mwambie aliyesema ni ugonjwa ni mimi, anikasirikie mimi. Ninaamini mama atapona. Siamini hivyo kwa sababu ya kuni.

Nisalimie bibi, na mjomba fundi seremala, na Mama Jeni pia. Sina kinyongo naye. Eliya mpakate kwa niaba yangu. Mama mwambie kwamba siku ile nilimsikia.

Na kabla hamjapanda gari, zibomoe zile kuni. Ziache zilale uani kama mama alivyoziacha. Zikinyeshewa, zinyeshewe. Nikija Desemba nikazikuta zimepangwa, nataka nijue ni mkono wa nani.

Mwanao,
Salome