Kisu Ni cha Msangi

Tengeru, Meru
14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Anande,

Pokea marahaba, shikamoo yako najua umeshaitoa huko Tunduru uliko. Mgongo unaendeleaje? Na shemeji, presha imeshuka? Mimi mzima kabisa. Goti linauma, lakini migomba napalilia mwenyewe, vijana wananionea wivu.

Sasa habari. Wale vijana wanaojiita Walinzi wa Imani, niliokueleza kwenye simu, walizidi. Walianza kulinda kanisa, wala hakuna aliyewatuma. Mara fulana nyeusi, mara marungu, mara wanauliza watu sokoni, "Wewe dini gani?" Akina mama waliouza ndizi pamoja miaka yote wakahamisha mafungu, Wakristo huku, Waislamu kule.

Kisha wakachoma bucha ya jirani yangu Msangi, yule Mpare, na mwanawe wakampiga rungu la kichwa. Kosa? Eti Mwislamu asimchinjie Mkristo. Wakati hapa kwetu ng'ombe wa sherehe anachinjwa na Mwislamu tangu enzi za baba, ili wageni wote wale sufuria moja! Msangi akaanza kufunga mizigo arudi Same.

Wewe ukaniambia ninyamaze. Mimi? Arusi ya mjukuu wangu Anneth ilipokaribia, nikatangaza pale nje ya kanisa kwamba Msangi ndiye atachinja. Derick, mkubwa wa hao Walinzi, akanijia. "Babu, hatutaruhusu." Nikamwambia, "Ng'ombe ni wangu, shingo ni ya ng'ombe, kisu ni cha Msangi. Wewe uko wapi hapo?" Watu walicheka mpaka mchungaji akageukia ukutani.

Siku yenyewe nikakata majani ya isale, nikaenda kwa Msangi. Akasema, "Sifael, kiburi chako kimezidi mlima wenu. Watatuua." Nikamtia jani mkononi, mkono wa pili nikaushika mimi. Unajua Mmeru hampigi mtu aliyeshika isale, jani la amani na msamaha.

Njiani Walinzi wamejipanga, marungu juu. Nikakaza mwendo, goti liume lisiume. Ndipo nikamsikia nyuma yangu Tabitha, bibi yake Derick, na akina mama wa ndizi, wa huku na wa kule, kila mmoja na jani lake. "Derick! Haya, anza na mimi niliyekubeba mgongoni!"

Kijana akashusha rungu. Wakapisha. Msangi akachinja, bismillahi yake ikasikika mpaka barabarani. Tukala sufuria moja, na Walinzi wawili niliwaona kwenye foleni ya nyama, fulana wamezivaa nje ndani.

Aliyempiga mwana wa Msangi yuko mahabusu. Derick naye alikwenda kwa Msangi na isale. Msangi akaipokea, akasema, "Nimekusamehe. Sasa bucha yangu."

Ndiyo maana nakuandikia nikiwa kigodani hapa sokoni. Derick yuko juu anapigilia mabati, mimi namwonyesha palipopinda. Msangi amefungua mizigo yote. Kilo ya kwanza ni yangu, nimeshasema.

Tabitha anakusalimu, Anneth na mumewe Stanley pia, na Msangi mwenyewe. Nisalimie shemeji na watoto. Mungu aliyetushika pale njiani akushike na wewe huko. Na usiniambie tena ninyamaze.

Kaka yako akupendaye, asiyetishika,
Sifael