Polepole Ameshuka Ngazi

Columbia Heights, Jumamosi, Februari 2015

Leo jua limewaka tangu asubuhi, lile jua la Minnesota la uongo, linalong'aa juu ya theluji bila kumpasha mtu joto. Mikono yangu inanuka samaki, mgongo unaniuma, na nimekuwa nikicheka peke yangu jikoni. Nina furaha. Naiandika kabla haijapoa.

Tumepata mbwa.

Nianze na ukweli. Kabla ya Krismasi nilikuwa nimeshakubaliana na bwana mmoja wa Lakeville anayezalisha mbwa, atuuzie kitoto cheupe chenye manyoya kama pamba. Tumaini alikichagua kwenye picha. Tumaini ni binti yangu, ana miaka kumi na tatu, na tangu baba yake ahamie Texas mwaka jana amekuwa mtu wa kujifungia chumbani. Nikimsemesha kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, tena neno moja moja. Nilikuwa tayari kumnunulia hata twiga.

Halafu kukatokea ile Alhamisi kazini.

Mimi ni muuguzi katika nyumba ya wazee huko Plymouth. Kila Alhamisi huja mama mmoja wa kujitolea, anaitwa Carol, na mbwa wake, kuwatembelea wagonjwa. Mbwa mwenyewe ni greyhound, wale wa mbio za mashindano: miguu mirefu, kifua kikubwa, kiuno kama cha nyigu. Kila wakija, mimi hujitafutia kazi upande wa pili wa jengo. Kwetu Kakamega mbwa ni wa nje, anafungwa mchana na kufunguliwa jioni, na mimi nina kovu kwenye shavu la mguu tangu nikiwa darasa la pili. Siku hiyo nilikosa pa kukimbilia. Nilikuwa nikimlisha bibi mmoja ambaye mikono yake hukunja ngumi kutwa nzima. Mbwa akaja akasimama kando ya kiti. Bibi akafungua ngumi, akaweka kiganja juu ya kile kichwa kirefu, akatulia. Baada ya muda nikagundua kuwa mkono wangu pia uko pale, shingoni mwa mbwa.

Sikuuondoa.

Carol alinieleza kwamba hawa hukimbizwa viwanjani huko Florida, na wakipungua kasi hakuna anayewahitaji, ndipo kikundi chake kinawachukua na kuwatafutia nyumba. Alikuwa na jike mmoja wa miaka minne. Alikuwa ameumia mguu, akapona, na sasa alikuwa akisubiri tu.

Nilimpigia simu bwana wa Lakeville jioni hiyohiyo nikamwomba radhi. Kile kitoto cheupe kingepata mtu kabla ya wiki kuisha, nilijua. Huyu wa kusubiri sikuwa na uhakika naye.

Tumaini alinuna siku tatu. Alisema, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba nimemwahidi mtoto wa mbwa sasa namletea nyanya wa mbwa. Sehemu ya moyo wangu ilikubaliana naye.

Mama yangu kule Kakamega naye alitaka kuelewa. Aliniuliza kwenye simu kama mbwa huyo anauma. Nikasema hapana. Anabweka? Carol anasema mara chache sana. "Sasa ana kazi gani?" Nikamuuliza habari za mvua.

Na si kwamba unapewa tu. Carol alikuja nyumbani, akaangalia uzio wa nyuma, akauliza mbwa atalala wapi, nani atamtoa nje nikiwa kazini, nitafanya nini akiugua. Siku ya mahojiano ya uraia sikutoa jasho vile. Mwishowe akasimama chini ya ngazi za jengo letu akazihesabu. Kumi na nne. Akaniambia greyhound waliolelewa viwanjani hawajawahi kuona ngazi maishani. Tungekaa naye wiki mbili za majaribio. Akishindwa kabisa na ngazi, angemtafutia nyumba isiyo nazo, kwa usalama wake.

Nilisema hakuna shida. Kumbe sikujua ninachosema.

Mbwa alikuja Jumamosi mbili zilizopita, rangi ya kahawia yenye mistari myeusi, namba za mbio zimechorwa ndani ya masikio. Alifika kwenye ngazi ya kwanza akasimama. Alitetemeka mwili mzima, miguu minne imekakamaa kama ya meza. Nikambeba. Nimezoea kuinua wagonjwa, lakini mgonjwa hana miguu inayoning'inia hadi magotini mwako. Nilimpandisha, nikamshusha, mara nne kwa siku, huku nimefumba jicho moja kwa hofu kwamba ataning'ata uso. Hakuning'ata. Aliniwekea kidevu begani akasubiri iishe.

Siku ya pili, katikati ya ngazi, tukakutana na Mama Furaha.

Mama Furaha anakaa chini yetu. Anatoka Uvira, Kongo, amekuja hapa baada ya miaka mingi kambini. Miaka miwili tumeishi jengo moja na tulichowahi kuambiana ni habari na baridi. Alipoona mbwa alipiga yowe, akarudi ndani akabamiza mlango. Jioni alinisubiri kwenye sehemu ya kufulia nguo.

"Mama Tumaini, mi naogopa imbwa. Kule kwetu, wakati ya vita, imbwa zilibaki na maiti. Nitaenda kwa meneja."

Sikumbishia. Nilisema pole, na nilimaanisha. Nikarudi juu nikijua sina haki ya kumlazimisha mtu kuishi na hofu yake mlangoni.

Sijui ni nini kilichombadilisha. Nadhani ni dirisha lake. Linatazama ule ua wa nyuma ambapo nilikuwa nikisimama na mbwa asubuhi, digrii ziko chini ya sifuri, yeye hana mafuta mwilini wala manyoya ya maana, anainua mguu mmoja baada ya mwingine kwa sababu theluji inamchoma. Jumatano ya kwanza nikasikia hodi. Mama Furaha alikuwa amesimama hatua tatu kutoka mlangoni, ameshika kitu mkono ulionyooka.

"Uyu imbwa iko na baridi sana. Iko mifupa tupu. Nilimushonea manto."

Koti. La kitenge cha samawati kwa nje, blanketi zito kwa ndani, limekatwa vizuri hata shingo ikatosha. Alikuwa amempima kwa macho kupitia dirishani. Nilitaka kumkumbatia lakini mbwa alikuwa nyuma yangu, na Mama Furaha akashuka haraka.

Kesho yake alileta bakuli. Ndagala wakavu, wale samaki wadogo ambao sisi Wakenya tunaita omena, amewaroweka chumvi ikatoka. Bila kumkaribia mbwa, aliweka samaki mmoja kwenye kila ngazi, kumi na nne, kisha akajifungia ndani na kuchungulia kwenye ufa wa mlango. Mbwa alinusa. Alinyoosha shingo. Akaweka mguu mmoja. Ilichukua dakika arobaini, lakini alifika juu kwa miguu yake, na kule chini nikasikia mtu akipiga makofi taratibu.

Tumaini alikuwa mlangoni akitazama. Chakula cha jioni kilipoisha alitamka jina. Tumwite Polepole. Mbwa wa mbio anayeitwa Polepole. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, naye akacheka. Lilikuwa neno la Kiswahili, na hakuwa ameombwa.

Lakini kupanda ni jambo moja. Kushuka kulimshinda. Samaki, jibini, kumsukuma, kumbembeleza, yote bure. Kila akitazama chini alirudi nyuma na kulala kwenye zulia. Usiku wa jana, wiki mbili zikiisha, nililia kidogo bafuni. Nakiri. Nilikuwa nimeshazoea kile kidevu begani.

Leo saa nne asubuhi Carol alifika na karatasi zake. Alisimama chini, na Mama Furaha naye akatoka, amevaa vizuri kama anayekwenda kanisani, akajibana ukutani mbali iwezekanavyo. Mimi juu na Polepole ndani ya koti lake la kitenge. Nikavuta kamba. Akakakamaa.

Nikamwangalia Carol. Alikuwa mpole sana usoni, na upole huo ndio ulionitisha.

Hapo Tumaini akatoka chumbani na nguo za kulalia. Akachukua kamba mkononi mwangu. Akakaa kwenye ngazi ya juu kabisa, bega kwa bega na mbwa, akashuka ngazi moja kwa makalio. Akangoja. Akashuka nyingine.

"Njoo, Polepole. Njoo, mama. Usiogope, niko hapa. Mguu huu kwanza. Eeh, hivyo. Hakuna haraka, sisi hatuendi mahali."

Kiswahili. Kingi, laini, kile nilichomlea nacho. Nilidhani kimeondoka na baba yake. Nilishika mdomo ili nisiharibu.

Polepole alitazama bega lile lililoshuka chini yake. Akateremsha mguu mmoja. Wa pili. Makalio yake yakabaki juu hewani, koti likamfunika kichwa, Tumaini akalirekebisha na kuendelea kunong'ona. Walishuka hivyo, ngazi moja, ngazi moja, mpaka zikaisha.

Kisha mbwa akampita Carol, akampita Tumaini, akaenda moja kwa moja kwa Mama Furaha na kumwegemea magotini kwa uzito wake wote.

"Anafanya nini?" Mama Furaha aliuliza, mikono juu.

Nilimtafsiria Carol, nikarudi na jibu: hiyo ndiyo salamu yao, mbwa humwegemea mtu anayemwamini.

"Na miye nifanye nini?"

"Simama tu, mama," Tumaini akamwambia.

Akasimama. Mikono ilibaki juu muda mrefu. Halafu mmoja ukashuka, ukanyoosha shingo ya koti alilolishona mwenyewe, ukabaki pale.

Nimetia sahihi kwenye meza ya jikoni. Carol ameondoka na bakuli la ndagala alilopewa kwa nguvu. Mama Furaha amepanda kwetu kwa mara ya kwanza, amekunywa chai vikombe vitatu, amenieleza kuhusu dada yake aliyebaki Uvira, nami nimemweleza kuhusu Texas, jambo ambalo sijamweleza mtu hata kazini. Nimejiuliza miaka miwili hii nilikuwa nakimbilia wapi kila asubuhi nikipita mlango wake.

Sitaki kupita tena hivyo. Hilo nimejiwekea.

Kesho baada ya ibada tunakula kwake. Alipokuwa akiondoka alinikumbusha nije na Tumaini. Akafika katikati ya ngazi, akasimama, na bila kugeuka akasema nije na yule mwingine pia.