Nakala ya Pili Imekataa Kuzimika

Jumatatu, 10 Februari

Nimezima nakala ya kwanza, nikaiwasha. Kisha ya pili. Kazi ya kila Jumatatu. Programu yetu ya kugawa maji ina nakala mbili kwenye seva. Moja ikipumzika, nyingine inapokea maombi ya maboza, malori yetu ya maji, kuanzia hapa Garissa hadi Mandera. Nisipofanya hivyo zinajaa, kila kitu kinaganda. Abdirashid, aliyeijenga, yuko Nairobi. Mama yake anafanyiwa upasuaji. Nimebaki peke yangu na seva. Sipendi.

Jumanne, 11 Februari

Tangazo. Alhamisi mchana stima itakatwa, mafundi wanabadilisha nguzo. Jenereta yetu mbovu. Kwa hiyo nizime zote mbili kwa pamoja. Sijawahi. Zikikataa kuwaka, madereva hawatajua waende wapi.

Jumatano, 12 Februari

Nimejaribu kuzima ya pili mapema, nione. Imekataa. Inasema kuna kazi haijamaliza. Nimesubiri hadi chai ikapoa.

Bwana Mutua, meneja wetu, alisimama nyuma yangu.

"Si uizime tu kwa nguvu, Hodan?"

"Ombi lililo ndani litapotea."

"Ni ombi moja."

Hakusema kwa ukali. Nami nilikuwa karibu kukubali. Hilo limenitisha.

Nimechungulia ndani. Ombi limetoka zahanati moja upande wa Lafey, huko Mandera. Mtandao wao unakatika kabla halijafika lote, linaanza upya. Hivyo hivyo tangu jana. Nimepiga simu, haipatikani. Nimepiga tena na tena. Mwishowe akapokea muuguzi, Mulki.

"Walaal, dada yangu, tunatuma tangu jana, hakuna mtu anajibu. Pampu ya kisima imekufa. Maji iko ya leo tu. Niko na mama wawili wa kujifungua."

Boza la karibu lilikuwa Mandera, likipakia maji ya shule moja. Nikamwendea Bwana Mutua, nikamweleza. Akampigia mwalimu mkuu yeye mwenyewe. Tangi la shule lina maji ya siku kadhaa. Watasubiri. Nikampigia dereva, mzee wetu Adeer Yussuf. Amesema inshallah, ataondoka alfajiri, barabara ile haendi mtu jioni.

Ndipo nikaizima ya pili kwa nguvu. Haikuwa na kitu tena cha kupoteza.

Alhamisi, 13 Februari

Nimezima na ya kwanza, kisha seva yenyewe. Stima ikakatika. Feni kimya, joto kali, watu wamekaa nje kwenye kivuli cha ukuta. Adeer Yussuf hapatikani. Huko njiani hakuna mtandao, najua, lakini nimepiga tu.

Stima ilirudi alasiri. Nikawasha seva, kisha nakala ya kwanza. Ikafa. Nikarudia. Ikafa. Nilijua nimeiua mimi, jana, kwa kuizima ile ya pili vibaya. Bwana Mutua alikuja mlangoni, akaniona uso, akarudi zake.

Nimesoma ujumbe wa kosa hadi macho yakauma. Kumbe hifadhidata, ghala la maombi yote, ilikuwa haijawashwa. Programu inaamka, inatafuta data yake, haioni, inakufa. Nilikuwa nimeanza na kinachopaswa kuwa cha mwisho. Nikawasha hifadhidata, nikangoja itulie, nikawasha ya kwanza. Ikawaka. Ya pili. Ikawaka.

Nikaenda msalani nikalia kidogo. Nina hasira na Abdirashid, na si haki.

Lafey bado hakuna habari.

Ijumaa, 14 Februari

Mulki amepiga kabla ya swala ya Ijumaa. Boza lilikwama mchangani, vijana wa huko wakalichimbua, likafika jana magharibi. Mama mmoja amejifungua msichana. Mwingine bado, lakini yuko vizuri. Nyuma yake nilisikia ndoo na wanawake wakigombania foleni. Hakuwa na muda wa kuongea, nami sikumchelewesha.

Leo boza linaelekea shuleni.

Nimerudi nyumbani, mtaa wa Iftin, mapema. Hooyo, mama yangu, ameniwekea anjera na maziwa. Nimekula yote. Sasa nasinzia.