Mboga za Kuongeza Damu

Jumatatu, 9 Machi 2020
Shifti imeisha. Mgongo umekufa. Kutwa tumepakia karatasi za chooni tu, malori yamepanga foleni ghalani kama kuna vita. Nimefika nyumbani, sijavua hata buti, Rehema akaniambia ana mimba.

Nilikaa karibu naye nikaisikia vali yake ya moyo. Ni ya chuma, inagonga kama saa, mkinyamaza inasikika. Aliwekewa Dar, binti yetu Neema akiwa bado ananyonya. Daktari alituambia wote wawili: asizae tena, moyo hautabeba. Na dawa anayomeza kila siku ili damu isigande kwenye hicho chuma, inamdhuru mtoto tumboni.

Naogopa.

Jumamosi, 14 Machi
Mama mdogo wake Rehema amekuja kutoka Missouri City, kando ya Houston, kaendesha mwenyewe, kasimama mara moja tu kuweka mafuta. Kaleta vidonge vya kutoa mimba. Vililetwa na mgeni kutoka nyumbani, ndani ya sanduku, katikati ya dagaa. Anasema wanawake wanameza, kesho yake wako kazini. Rehema alivishika kama mtu mwenye kiu aliyepewa maji.

Jumapili, 15 Machi
Nilimngoja Dada Wanjiru kwenye maegesho. Ni jirani, Mkenya, nesi. Nikamweleza yote. Sikuona aibu, nimechoka mno kuona aibu.

Hakucheka, hakunihubiria. "Baba Neema, hizo dawa ni salama kwa wamama wengi. Hata mwenye pumu. Hata mwenye sukari. Lakini huyu wako damu yake haigandi. Ikianza kutoka, nani ataisimamisha? Wewe?"

Nikamuuliza, je, akiacha ile ya moyo siku chache kwanza. Akasema hapo vali itaziba, nitamzika. Mimba itolewe hospitali, watu wakimwangalia.

Alhamisi, 19 Machi
Houston. Hospitali kubwa, milango inafunguka yenyewe. Daktari mama, mpole. Amekubali. Alisema kama Wanjiru alivyosema, karibu neno kwa neno. Turudi wiki ijayo, watamlaza na kupima damu yake kila saa. Tumelala kwa mama mdogo. Rehema amekula sahani nzima ya wali.

Jumatatu, 23 Machi
Hospitali wamepiga simu. Imetoka amri ya gavana wa jimbo kwa ajili ya corona. Upasuaji usio wa dharura usimame, na kutoa mimba kumo humo. Waliuliza anatokwa na damu? Hapana. Anakosa pumzi? Hapana. Basi asubiri, watamuombea ruhusa.

Kwa hiyo anasubiri augue. Nimemwambia Rehema hivyo hivyo, sina namna nyingine ya kusema.

Jumapili, 29 Machi
Akina mama wa ibada ya Kiswahili wamegundua haonekani hata kwenye maombi ya simu. Rehema aliwaambia amepungukiwa damu. Uongo mdogo, wa kufunga midomo. Nani angewaambia ukweli?

Leo wameacha mifuko mlangoni, hawaingii kwa sababu ya ugonjwa. Matembele, mchicha, sukuma, kisamvu cha barafu. Mmoja alisema kwa simu, "Ale asubuhi na jioni, shemeji, mpaka mashavu yarudi. Na wewe usimmalizie."

Rehema amecheka. Sikumbuki mara ya mwisho. Amekula mpaka akalamba bakuli.

Ijumaa, 3 Aprili
Hospitali kimya. Kliniki anakopimwa damu, kuona kama dawa inatosha, imefungwa, wamesema watapiga simu. Mboga zinaendelea kuja.

Rehema ameomba vile vidonge. Nilikataa. Mama mdogo naye akasema kwa simu kwamba Wanjiru anatutisha tu, manesi ndivyo walivyo.

"Nipe nimeze, Baba Neema. Kufa kwa kungoja na kufa kwa kumeza, tofauti yake nini?"

Nimevimwaga chooni nikavuta maji. Hajaniangalia tangu saa hiyo. Namchukia gavana. Najichukia na mimi.

Jumatano, 8 Aprili
Bakuli lilianguka. Neema aliita, "Daddy, Mama's face." Upande mmoja wa uso ulikuwa umeshuka. Mkono wa kulia umekufa.

Hospitali hawakuniruhusu kuingia. Nilikaa kwenye gari. Daktari alinipigia: damu imeganda kwenye vali, kipande kimepanda kichwani. Akauliza ameacha dawa? Hajaacha, namuona akimeza. Akauliza anakula nini.

Nikamtajia mboga. Akaeleza kwamba majani hayo, yakiliwa mengi ghafla, yanaishinda ile dawa.

Dar walitwambia, sasa nakumbuka. Mboga kwa kiasi. Lakini miaka imepita, na huku mboga za nyumbani tulikuwa hatuzipati.

Jumanne, 14 Aprili
Wameitoa mimba leo. Daktari kasema sasa ni dharura, kwa hiyo inaruhusiwa. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba radhi. Nilikata simu.

Jumapili, 3 Mei
Yuko nyumbani. Anasema "ndiyo" na "Neema". Mengine hayatoki. Nimerudi kazini, namwacha na Neema.

Akina mama wameleta tena matembele. Wanajua ni kiharusi, hawajui kilichokileta. Niliyapokea. Nikashukuru. Siwezi kuwaambia, walileta kwa mapenzi.

Nilipoyapika nile mwenyewe, Rehema alinyoosha mkono wa kushoto kwenye bakuli. Dada Wanjiru alisema si sumu, ni kidogo tu, na kila siku kiasi kile kile. Nikampa kijiko kimoja. Alitafuna taratibu, akafunga macho.

Vali inagonga. Nimefunika bakuli.